Sungura mgeni hataki kula, na nimemwona akila kinyesi chake

SWALI: Daktari, habari za kazi? Jirani yangu amehamia Dodoma akaniachia sungura jike mwenye mwaka na kidogo, uzito kama kilo mbili. Kwake alikuwa anakula pumba, majani ya viazi vitamu na mabaki ya jikoni, na alikaa banda moja na dume. Ana siku mbili hapa kwangu. Nimempa karoti, kabichi na mkate, lakini anadonoadonoa tu kisha anarudi kujikunyata kwenye kona. Watoto wakimbeba anapiga mateke. Leo alfajiri nimemkuta anakula kinyesi chake mwenyewe. Ni mgonjwa, au ni njaa?
Mama wa watoto wawili, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Salama, dada yangu, na pole kwa wasiwasi. Nianze na hicho kilichokutisha, maana ndicho kisicho na tatizo. Sungura ana choo cha aina mbili. Kuna vile vidonge vikavu vya mviringo unavyofagia kila siku, na kuna kinyesi laini, cheusi, kinachong'aa, kilichoshikana kama kishada kidogo cha zabibu. Hiki cha pili hukitoa hasa usiku na alfajiri, na hukila palepale kinapotoka. Ni chakula kilichochachuliwa na vijidudu kwenye kifuko kikubwa cha utumbo wake, kimejaa protini na vitamini B. Ng'ombe hucheua, sungura humeza mara ya pili kwa njia hiyo. Mwache ale. Ungekuta kinyesi hicho laini kimetapakaa sakafuni au kimemganda matakoni, hapo ningekuambia kuna kasoro, na mara nyingi kasoro yenyewe ni wanga au sukari kuzidi.

Linalonitia hofu mimi ni hilo la kudonoadonoa. Utumbo wa sungura umeumbwa kusukuma nyuzinyuzi mchana na usiku bila kusimama. Ukisimama, gesi hujaa, tumbo huuma, maumivu humzuia kula, na kutokula huzidi kuusimamisha. Wala hawezi kutapika. Kwa hiyo shika hili: sungura akipitisha saa 12 bila kula chochote, au bila kutoa vidonge vya choo, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usisubiri kesho. Akisaga meno kwa sauti huku amejikunja, au tumbo likiwa gumu kama ngoma, usimlazimishe kula. Mpeleke mara moja.

Sasa tazama yaliyompata. Amehamishwa nyumba, ameachanishwa na mwenzake, chakula kimebadilika, na mikono asiyoijua inamnyanyua, yote ndani ya siku mbili. Hofu peke yake inaweza kuusimamisha utumbo. Leo hii acha mkate, kabichi na karoti. Mkate ni wanga mtupu, kabichi kwa tumbo lisiloizoea huleta gesi, na karoti, ingawa kila mtu huamini ndiyo chakula chake, ina sukari nyingi. Kipande cha urefu wa kidole gumba mara mbili kwa wiki kinamtosha. Mrudishie alichokizoea: majani ya viazi vitamu na pumba kidogo. Kisha ndani ya siku 10 hivi uwe unapunguza pumba taratibu na kuongeza nyasi kavu.

Nyasi kavu, yaani hei, ndiyo chakula chake hasa. Kila siku awe na rundo lenye ukubwa kama mwili wake, na lisiishe hata usiku. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi, si pumba. Uliza kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa au maduka ya pembejeo za mifugo. Usipopata, kata nyasi mahali pasipopuliziwa dawa wala kuchafuliwa na mbwa, uzianike mpaka zikauke kabisa. Nyasi zilizolundikwa mbichi zikapata joto, au zenye ukungu, zitupe.

Majani mabichi mpe baada ya kuyaosha na kuyaacha yanyauke kidogo: mchunga, kishona nguo, majani ya viazi vitamu, majani ya karoti. Ongeza jipya moja kwa wakati, ili choo kikilegea ujue lililomdhuru. Parachichi usimpe, tunda wala majani yake. Hali kadhalika majani ya nyanya, ya viazi mviringo, ya muhogo mabichi, na vitunguu. Ukinunua chakula cha punje cha sungura, gramu 50 kwa siku zinamtosha. Maji yawepo saa zote kwenye bakuli zito la udongo asiloweza kulipindua. Kwa joto la Dar anaweza kumaliza robo lita kwa siku.

Kuhusu mahali pa kukaa, mpe kona tulivu yenye kivuli na hewa, mbali na mbwa, paka na redio, na humo mwekee boksi la karatasi lenye tundu la kuingilia. Sungura huwindwa na kila kitu, hivyo hatulii mpaka awe na pa kujificha. Sakafu isiwe waya mtupu, maana humchubua nyayo. Joto nalo ni adui yake mkubwa. Likipita nyuzi 30, gandisha chupa ya maji, ifunge kwa kitambaa, uilaze karibu naye. Ukimwona anahema kwa kasi na mdomo umelowa mate, mlowanishe masikio kwa maji ya kawaida, si ya barafu, huku mkitafuta usafiri wa kwenda kwa daktari.

Watoto wasimbebe kwa sasa. Si adabu tu: sungura akirusha mateke hewani anaweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Waambie wakae chini sakafuni, wanyamaze, waweke jani la mchunga karibu yao, wamngoje aje. Wengine huja siku ya tatu, wengine baada ya wiki mbili. Ikilazimu kumnyanyua, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine ubebe makalio, naye aegemee mwilini mwako. Masikio si mpini.

Jambo jingine nakusihi, kwa sababu nimeona sungura wengi wakifa kwalo: usimpe dawa ya binadamu. Amoksilini au ampisilini ya kumeza huua vijidudu vizuri vya utumbo wake, naye hufa baada ya siku chache. Dawa ya viroboto vya mbwa yenye fipronili nayo ni sumu kwake.

Na kwa kuwa alikaa na dume, huenda ana mimba. Mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi. Hesabu kuanzia siku alipotoka kwa jirani, na katika mwezi huo usimminye tumbo. Ukimwona anabeba nyasi mdomoni au anajinyonyoa manyoya ya kifuani, mwekee boksi la pili lenye nyasi kavu nyingi, kisha mwache peke yake usiku ule.