Geko wa shemeji wasije kwenye sanduku

Daktari wa wanyama ajibu barua zenu

Daktari, shikamoo. Mimi ni kijana wa Kisauni, nina kibanda cha kutengeneza simu. Shemeji yangu yuko Ujerumani na amenunua geko chui wanne, wale mijusi wa kufugwa, dume mmoja na majike watatu, kwenye lile soko la reptilia la Hamm. Anakuja likizo na anasema atawatia kwenye vibakuli vya plastiki ndani ya sanduku la nguo, maana hawapigi kelele wala hawanuki. Nataka kuwazalisha niuze watoto wao. Je, pana ubaya? Na nikitaka kufuata sheria nianzie wapi? Mama naye hataki kusikia, asema mjusi kafiri ni wa kuuawa.
K., Kisauni

Marahaba mwanangu. Nianze na mama, maana ndiye mwenye nyumba. Habari ya mjusi aliyeupuliza moto wa Nabii Ibrahim kamuulize shekhe wako, mimi ni mtu wa mifugo. Mama yangu mwenyewe, Mungu amrehemu, akimwona mmoja ukutani alikuwa huvua kandambili kabla hajamaliza salamu. Unaloweza kumwambia mama ni kwamba geko chui hapandi ukuta. Hana vidole vya kunata, na macho yake yana kope, hufumba na kufumbua kama wewe. Kwao ni nchi kavu za Pakistani, Afghanistani na kaskazini magharibi mwa India.

Sanduku, mwambie shemeji asahau. Unahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwa sababu hakuna mnyamapori anayeingia Kenya bila hicho, na kibali cha kuingiza mnyama kutoka Kurugenzi ya Huduma za Mifugo. Vyote viwe mkononi kabla geko hawajatoka Ujerumani. Kisha daktari wa serikali wa kule awakague na kuandika cheti cha afya. Utaratibu huo haupinduliwi. Miaka niliyofanya ukaguzi Kilindini nimewaona watu wakija na makaratasi siku ya tatu baada ya mnyama kufika, wakakasirika kuambiwa hayasaidii kitu.

Geko chui hayumo kwenye orodha za CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, hapo umepunguziwa karatasi moja. Lakini Hamm ni soko la vishawishi. Shemeji akikupigia kusema ameona geko wa kijani wa Madagaska, wale Phelsuma, au tokei mkubwa wa Asia, hao wamo. Tokei ameingizwa 2019. Na akikuonyesha yule wa New Caledonia mwenye miiba juu ya macho, aliyedhaniwa ametoweka hadi akaonekana tena 1994, mkatae kwa sababu nyingine: joto likipita nyuzi 28 anateseka. Februari yetu ni 32. Utamfuga ndani ya friji?

Sasa nikwambie lililoniuma mimi. Nilipostaafu nilifuga geko chui kumi na wanne nyuma ya nyumba, Tudor. Rafiki akaniletea jike mmoja, mzuri, mkia mnene kama kidole gumba. Nilimtenga siku tisa. Alikuwa anakula vizuri, nikaona karantini gani tena, nikamchanganya na wenzake. Mimi huyu, niliyewazuilia watu mbuzi zao bandarini kwa wiki nzima! Baada ya miezi miwili mmoja akaanza kutapika, mwingine mkia ukakonda ukawa kijiti. Ni kimelea kiitwacho kriptosporidia. Dawa ya kukimaliza kabisa kwa geko sina, na mwenzangu yeyote hana. Nilisugua masanduku kwa jiki mpaka macho yakawasha, wala sikujua kwamba mayai ya kimelea hicho jiki hayaihofii, yanaogopa maji ya kuchemka na mvuke. Nikabaki na watatu.

Kwa hiyo hata geko wako wakiwa na mihuri yote ya Ujerumani, wakae peke yao siku 90. Chumba kingine, si kona nyingine ya chumba kile kile. Chini weka gazeti, usiweke mchanga, ili kinyesi ukione na ukipeleke maabara. Kipimo kimoja kisicho na kitu hakitoshi, maana mnyama hutoa vimelea leo, kesho hatoi. Rudia mara tatu, ukiacha wiki kadhaa kati. Koleo la kulishia liwe lao. Ukiwa na geko wengine, lisha wazima kwanza, wa karantini mwisho, kisha ukaoge. Na nyenje aliyebaki bila kuliwa usimpeleke sanduku la pili. Ameshakula kinyesi huyo, sasa ni gari la mizigo.

Kitu ambacho vitabu vya Ulaya havikwambii ni dari yako. Mjusi kafiri wa Mombasa anaingia popote penye taa, na ana wadudu wake tumboni. Ziba dirisha na matundu ya hewa kwa wavu wa mbu, na masanduku yawe na vifuniko. Wavu huo unafanya kazi pande zote mbili: wako pia asitoke. Hemidactylus wa Asia, ndugu wa mjusi kafiri, walisambaa na meli visiwa vingi duniani, na huko Mauritius na visiwa jirani waliwasukuma nje geko wenyeji. Hakuna aliyekusudia.

Uzazi, kwa ufupi, kwani una miezi ya kusubiri. Jike hutaga mayai mawili mawili. Usiyageuze. Jinsia inaamuliwa na joto: nyuzi 26 karibu wote huwa majike, 32 hadi 33 wengi madume. Basi ukiyaacha chumbani wakati wa kusi utapata majike, na kaskazi itakuletea madume wanaopigana na wasio na mnunuzi. Nunua kipimajoto na sanduku la kuatamia. Chokaa ya kuimarisha mifupa yao usinunue ghali, okota mfupa wa ngisi ufukweni, uchemshe, uukaushe, usage. Vitamini D3 ndiyo utanunua.

Mjukuu wangu wa miaka mitatu humbusu geko wa kaka yake mdomoni. Nimkataze?
Bibi wa Likoni

Leo leo. Hata geko mzima kabisa huweza kubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha. Marekani walipiga marufuku kuuza kobe wadogo wa chini ya inchi 4 tangu 1975 kwa sababu watoto waliwatia mdomoni. Aliye chini ya miaka mitano amwangalie kupitia kioo. Na sanduku lisisafishwe kwenye sinki la vyombo, bibi, najua ndilo lililo karibu.

Kuna mzungu anataka nimkamatie mijusi ya usiku kwenye mapango ya matumbawe, shilingi 500 mmoja. Ni mijusi tu, si ndovu.
Kijana wa Bamburi

Mwaka 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza watu wanne shilingi milioni 1 kila mmoja, na walikuwa na chungu. Chungu, wadudu wale wakusanyao mbegu! Jirani zetu wa Tanzania wana geko wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, aliyeuzwa Ulaya mpaka mwaka 2017 ikabidi CITES wamweke kwenye orodha ya juu kabisa pamoja na hao ndovu wako. Mwambie mzungu akuonyeshe kibali cha KWS. Akianza kukueleza badala ya kukuonyesha, warudishe uliokwisha kuwakamata pango lile lile, na iwe usiku, maana mchana kunguru watawamaliza.