Kishikwambi hakimzuii mtoto kusema
Mwalimu, umeuliza kama kumpa kishikwambi chenye picha zinazotamka neno zikiguswa mwanafunzi asiyezungumza kutamfanya aache kujaribu kusema. Hapana. Tafiti zimeonyesha usemi haupungui, na kwa baadhi ya watoto huongezeka kidogo.

Kosa ninaloliona zaidi ni kumwekea picha mbele kisha kumngoja azitumie. Nani alijifunza lugha bila kuisikia? Wewe mwenyewe gusa picha unapoongea naye: "nataka", "bado", "acha", "tena". Hayo yatamfaa kila saa kuliko picha ya mpira. Ukishauliza, nyamaza uhesabu hadi kumi (ni kazi ngumu, najua). Na usimnyang'anye kifaa kama adhabu. Ndiyo sauti yake. Picha zilezile zichapishe kwenye karatasi pia, maana betri huisha.