Ukoo wa mfungwa wa Changuu

SWALI
Shikamoo ami. Mie nipo Wete, Pemba, na nina jambo linanikera toka nikiwa mdogo. Kwetu tunaambiwa baba yake babu alikuwa baharia, akifuata mameli ya Bombay, na safari moja aliporudi Unguja akakamatwa akafungwa kisiwani Changuu. Kosa lake hakuna anaelijua, ukiuliza unaambiwa nyamaza. Mwaka jana mdogo wangu kaletewa posa, tushafika mpaka kwenye mahari, mara wenzetu wakaghairi, shangazi mtu akasema "hao si ukoo wa jela". Bibi yangu yu hai, kapita themanini, anachokumbuka ni kwamba mkwewe alikaa huko kama wiki mbili, akarudi nguo zinanuka dawa, na alikuwa akiwahadithia watoto habari za makobe makubwa mtu anampanda mgongoni. Nataka kujua alifanya nini, nianzie wapi?
Mjukuu, Wete

JIBU
Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na mara ya pili nimecheka peke yangu, sio kwa kukudharau, wallahi, ila bibi yako kashakujibu swali lako lote na nyinyi mmekaa mnaambiana nyamaza.

Skiza. Jengo la jela Changuu lipo kweli, lilijengwa na Lloyd Mathews, yule Mwingereza aliekuwa waziri wa Sultani, alikinunua kisiwa 1893, na ndo maana mpaka leo wapiga debe wa boti pale Forodhani wanawaitia watalii kisiwa cha jela. Ila wahalifu hawakuwahi kufungwa mle. Jela ilimalizika ikageuzwa karantini, mtu kashuka melini katoka bandari yenye maradhi basi haingii mjini, anapelekwa kule anakaa siku zake mpaka ionekane mzima. Na Bombay ndo usiseme, tauni iliingia kule 1896 ikakaa miaka na miaka. Sasa baharia wa meli ya Bombay, kakaa wiki mbili, karudi ananuka dawa. Mwanangu, jela gani hiyo inayomtoa mtu ananuka dawa?

Nishawahi kuona mtu anasema Changuu walifungiwa watumwa, na hilo nalo lipo, ila ni zamani, miaka ya 1860 enzi za Seyyid Majid, kabla hata jengo halijajengwa. Baba yake babu yako hayamuhusu hayo, na hapa ndo wale makobe wanapotufaa. Makobe wa Changuu sio wa asili, waliletwa wanne zawadi kutoka Seychelles mwaka 1919. Kwa hivyo kama aliwaona kwa macho yake basi alikuwepo kisiwani 1919 au baadae, na hapo ushapata mwaka wa kuanzia ambao ukoo mzima mlikuwa hamna. Watu wetu ukiwauliza lini wanakwambia "wakati wa Seyyid Khalifa", kumbe Seyyid Khalifa bin Haroub alitawala toka 1911 mpaka 1960, sasa hapo utashika wapi?

Lakini usikimbilie kwa yule shangazi mtu kesho asubuhi. Mie nimekupa ninavoona, karatasi bado. Ukija Unguja nenda nyumba ya nyaraka, ipo Kilimani, chukua kitambulisho na uliza utaratibu kwanza, na usiwaambie unatafuta mfungwa maana watakutolea majalada ya mahakama utashinda humo wiki nzima bure. Waambie unataka mambo ya afya, bandari na karantini, miaka ya 1919 kuendelea. Jina litakusumbua, hilo nakuambia mapema. Makarani waliandika walivosikia, Hamadi utamkuta Hamed, Hamad, pengine Ahmed, na mabaharia wengine wanaandikwa jina moja tu au jina la nahodha wao, kwa hivyo jina la meli lina thamani kuliko jina la mtu. Ukikuta karatasi ya Kiarabu tarehe yake itakuwa ya Kiislamu, usiisome kama ya kizungu, 1340 kwa mfano ilianza Septemba 1921.

Na tuseme nimekosea, tuseme alifungwa kweli, basi haikuwa Changuu, ingekuwa Kiinua Miguu, ambayo nayo ipo huko huko Kilimani (siku hizi serikali haisemi jela tena, inasema Chuo cha Mafunzo). Hata hivyo kufungwa sio lazima mtu kaiba. Mwaka 1951 wakulima wa Kiembe Samaki walihukumiwa kwa kukataa ng'ombe wao wachanjwe, watu wakaja juu kwenda kuwatoa, polisi wakapiga risasi, na wajukuu wa wale leo wanalihadithia kifua mbele. Australia ndo kabisa, Waingereza walimwaga kule wafungwa zaidi ya 160,000 baina ya 1788 na 1868, sasa hivi mtu akimpata babu yake kwenye orodha ya meli anafanya sherehe, sisi tunavunja posa.

Kwa hiyo kabla hujakata tiketi ya boti kaa na bibi, mpikie chai, usimuulize "alifanya nini", hilo atalikwepa kama alivozoea. Muulize alilala na nani kule, wenzake wa melini au watu asiowajua? Alipotoka alirudi kazini kwenye meli ile ile? Na kuna jina la meli lolote analikumbuka, hata nusu, hata kama analitamka kombo? Mrekodi kwenye simu. Ukilipata hilo jina niandikie tena, sitakaa nalo.