Barua za Wasomaji: Hamu ya Sigara Ina Saa Zake

Barua kuhusu kuacha sigara zimetufikia nyingi, na karibu zote zina kilio kimoja: niliacha, nikarudi. Tumechagua tano ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Kila nikiacha naanguka siku ya tatu

*Navuta sigara 15 kwa siku. Nimeacha mara nne, na mara zote nimerudi siku ya tatu. Mikono inatetemeka, usingizi sipati, nagombana na abiria kwa jambo dogo. Nina udhaifu gani mimi? Kondakta, Morogoro.*

Ndugu kondakta, hilo neno udhaifu liondoe kwanza. Siku ya pili na ya tatu ndizo kilele cha arosto, yaani taabu ya mwili uliokoseshwa kilevi ulichozoea, kwa karibu kila mvutaji. Ukivuta pafu moja, nikotini, kile kilevi cha tumbaku, hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Halafu kila baada ya saa 2 hivi, nusu ya iliyomo kwenye damu huwa imekwisha. Ndiyo maana mtu wa sigara 15 huwasha nyingine kila saa moja au zaidi kidogo: anajaza pengo. Ukikata ghafla, ubongo uliozoea kujazwa hudai kwa nguvu siku hizo tatu, kisha madai hupungua katika wiki 2 hadi 4.

Basi anza na kalenda. Usichague tarehe ambayo siku yake ya tatu itaangukia msimu wa sikukuu, stendi imefurika na tajiri anadai hesabu. Panga siku tatu za kwanza ziguse siku zako za mapumziko.

Wiki moja kabla, beba kipande cha karatasi ndani ya pakti. Kila unapowasha, andika saa, mahali na uliyekuwa naye. Utakuta sigara 15 zina nyakati tano au sita tu: ya kuamkia, ya baada ya chakula, ya kusubiri gari lijae, ya kijiweni jioni. Hizo ndizo unazopaswa kuziandalia dawa, moja moja. Kama huwa unavuta gari likisubiri abiria, panga kuwa upande wa pili wa gari, mbali na wavutaji, na chupa ya maji mkononi. Kama ni ya kuamkia, badili mpangilio: oga kwanza, piga mswaki, chai ukanywe mahali pengine. Usiku wa kuamkia siku yenyewe tupa pakti, kiberiti na hata ile sigara ya akiba iliyofichwa juu ya kabati, kisha fua nguo zote zenye harufu.

Hamu ikija, tazama saa. Kwa kawaida hudumu dakika 3 hadi 5, mara chache hufika 10. Hupita uvute usivute. Kwa hiyo kazi yako ni kupata shughuli ya dakika hizo tu: kunywa maji kwa mafundo madogo, kutafuna karafuu au karoti, kutembea hadi mwisho wa stendi na kurudi.

Kuhusu kutetemeka na kukosa usingizi, tunakushauri uangalie kahawa. Moshi wa sigara hufanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, kahawa ileile uliyoizoea hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na mtu hudhani yote ni arosto. Tangu siku ya kwanza, punguza kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu kwa nusu, na baada ya saa 8 mchana usinywe kabisa.

Chingamu ya nikotini hainisaidii

*Nilinunua chingamu ya nikotini ya miligramu 2. Natafuna tatu au nne kwa siku. Inanipa kwikwi na kiungulia, na hamu iko palepale. Sigara ya kwanza huvuta kabla sijatoka kitandani, na kwa siku navuta sigara 20. Mwalimu, Kisumu.*

Mwalimu, dawa yako ni nzuri, lakini kipimo ni kidogo, idadi haitoshi na utafunaji una kasoro.

Anayevuta ndani ya dakika 30 baada ya kuamka huhitaji ya miligramu 4. Ile ya 2 ni ya yule anayeweza kusubiri zaidi ya hapo. Idadi nayo: wiki 6 za kwanza, moja kila saa 1 au 2, na zisipungue 9 kwa siku. Wiki 3 zinazofuata, moja kila saa 2 hadi 4. Wiki 3 za mwisho, moja kila saa 4 hadi 8. Usizidishe 24 kwa siku. Watu wengi huogopa dawa, wakatumia kidogo, kisha wakarudi kwenye sigara, yenye nikotini hiyohiyo pamoja na lami na hewa ya kaboni monoksaidi. Hofu hiyo imewarudisha wengi.

Kwikwi na kiungulia vinatokana na kutafuna mfululizo kama chingamu ya dukani. Nikotini hii inatakiwa ipite kwenye ngozi laini ya mdomo. Ukitafuna haraka unaimeza na mate, inachoma tumbo, na sehemu kubwa huvunjwa na ini kabla haijafika kwenye ubongo. Tafuna polepole mpaka usikie ulimi unachonyota kama umeonja pilipili, kisha acha. Ibane kati ya shavu na ufizi. Kuchonyota kukiisha, baada ya dakika moja hivi, tafuna tena kidogo na uihamishie upande mwingine. Endelea hivyo kwa dakika 30. Dakika 15 kabla, na wakati iko mdomoni, usile wala usinywe chochote isipokuwa maji. Kahawa, soda na juisi zina uchachu unaozuia nikotini kupenya.

Kwa mvutaji wa kiwango chako, plasta ya nikotini, ile ya kubandika kwenye ngozi, pamoja na chingamu hufanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake. Plasta ya miligramu 21 ni ya anayevuta zaidi ya 10 kwa siku: wiki 6, halafu ya 14 kwa wiki 2, halafu ya 7 kwa wiki 2. Ibandike asubuhi kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, juu ya mkono au kifuani, na kila siku ubadili mahali. Ndoto zikikusumbua, ivue kabla ya kulala. Chingamu iwe ya kuzima hamu inayochomoza ghafla. Na kwa kuwa plasta tayari inakupa nikotini mchana kutwa, mwambie mfamasia unatumia vyote viwili akupangie idadi. Aliyepata mshtuko wa moyo karibuni na mama mjamzito waanzie kwa daktari.

Dawa hizi hazipatikani kila duka, na bei yake si ndogo. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya bupropioni na vareniklini, vinavyohitaji cheti cha daktari. Mwenye kifafa asipewe bupropioni.

Mchana wa Ramadhani sivuti, usiku navuta nane

*Nikifunga sipati taabu kubwa. Lakini adhana ya magharibi ikilia, mkono unatafuta sigara kabla ya tende. Mvuvi, Unguja.*

Umejionea mwenyewe jambo kubwa. Saa zaidi ya 13 mwili wako umekaa bila nikotini, na umeweza, kwa kuwa moyo ulishajua hakuna ruhusa. Adhana inapolia ruhusa inarudi, na hamu yote inakuja kwa pamoja. Hatari yako iko kwenye saa mbili za baada ya futari.

Futuru kwa tende na maji, nenda ukaswali, rudi kwenye uji. Sigara ya futari ndiyo ya kwanza kuondoa, kwa sababu ndiyo inayofungua mlango wa zile saba. Kahawa ya barazani iahirishe mpaka baada ya tarawehe, na kaa na wasiovuta. Ukitaka kutumia plasta mchana, muulize shehe wako kuhusu saumu. Usiseme utaacha Idi. Siku ya Idi ruhusa ya mchana inarudi na kila nyumba ina wageni, kwa hiyo tarehe yako iwe ndani ya mwezi, angalau wiki 2 kabla mwezi wa Idi haujaandama.

Nimebadili, sasa ni shisha na kuberi

*Je, hivi si afadhali? Kijana, Mombasa.*

Hapana. Kuberi ni tumbaku yenye nikotini kali, na inaharibu kinywa. Shisha ina moshi wa tumbaku na wa mkaa, na kikao kimoja hufika saa nzima. Maji yaliyomo kwenye chupa ya shisha hayasafishi sumu hiyo. Kenya iliipiga marufuku shisha mwaka 2017.

Miezi minne, kisha sigara moja msibani

*Rafiki alinipa moja, sasa navuta mbili kwa siku. Nimeona nimalize pakti, nianze upya mwezi ujao. Seremala, Dodoma.*

Ndugu yetu, usiimalize hiyo pakti. Tunakusihi. Miezi minne haijafutika: ubongo wako bado una mazoea mapya, na sigara mbili kwa siku ni rahisi kuziacha leo kuliko kumi mwezi ujao. Aliyeteleza akaacha siku ileile yuko mahali tofauti kabisa na aliyesema "kwa vile nimeshaharibu".

Leo ilowanishe pakti na uitupe. Andika ilikuwa wapi, saa ngapi, umekunywa nini, nani alikupa. Pombe na majonzi huangusha watu hata baada ya mwaka, kwa hiyo wiki 4 zijazo usinywe kabisa. Rafiki akikupa tena, jibu ni "Nimeacha." Ukisema "najaribu kuacha" umempa nafasi ya kukubembeleza. Litamke kwa sauti nyumbani mpaka lizoeleke mdomoni.

Jihadhari pia na sigara ya kununua moja moja. Sheria za Kenya (2007) na Uganda (2015) zimekataza kuuza hivyo, lakini vibanda bado vinauza, na shilingi chache mfukoni zinatosha kukurudisha. Pita njia nyingine, au mwambie mwenye duka asikuuzie hata ukiomba. Wengi hukubali.

Kikohozi kikizidi siku hizi za mwanzo usikate tamaa: vinyweleo vya njia ya hewa vimeanza tena kusukuma uchafu nje. Lakini kikipita wiki 2, au kikitoka na damu, nenda ukapime kifua kikuu. Na kama unatumia insulini, au dawa za akili kama klozapini na olanzapini, mjulishe daktari kuwa umeacha sigara, kwani huenda kipimo kikahitaji kupunguzwa.