Betri ya vepu haipandi basi ikiwa uchi

Mkuu, umeuliza utachajije vepu yako, hiyo sigara ya umeme, safarini; achana kwanza na habari za soketi ya basi na pawa benki. Toa hizo betri mfukoni. Umeandika mwenyewe kwamba unakwenda Mwanza, una betri nne za akiba, mbili umezichomoa kwenye laptopu mbovu, na utazitia mfukoni uwe unabadilisha njiani. Wachangiaji wawili hapo juu wamekupa dole gumba. Bila shaka madole yao bado yana ngozi.

Mfukoni mwako mna nini? Funguo, sarafu za chenji, pengine na kiberiti cha gesi. Sasa hiyo betri ya 18650, maana yake milimita 18 upana na 65 urefu, kopo lake lote ni hasi, kuanzia kitako mpaka mabegani. Chanya ni kile kifuniko kidogo cha juu. Kinachovitenganisha pale juu ni kipete chembamba na ganda la plastiki laini kama la peremende. Ganda likichubuka kidogo tu, sarafu moja inagusa kifuniko na bega kwa pamoja, shoti hiyo. Betri ya simu ina sakiti ndogo ya ulinzi inayokata umeme mambo yakiharibika. Nyingi za vepu hazina, maana zimetengenezwa zimwage umeme mwingi kwa mkupuo. Zikipigwa shoti zinatoa makumi ya ampea, sarafu inageuka kaa la moto, na betri inaanza kupumua.

Najuaje? Paja la kulia.

Basi la Mbeya. Tumeshakula Ruaha Mbuyuni, gari linapandisha Kitonga, mimi dirishani na amani zangu. Mfukoni nina betri moja iliyojaa mpaka juu, funguo za geti na chenji ya mahindi ya kuchoma. Nikaanza kusikia joto, nikasema ni jua la upande huu. Joto likapanda. Mkono haujafika mfukoni, ikafyatuka: fssss, moshi mweupe, harufu ya kukaba koo, na moto unatoka kwenye suruali yangu kama nimemeza jiko la gesi. Ukiupiga makofi hauzimiki, kwa sababu kilichomo ndani ya betri ndicho kinachowaka.

Wanaoijua Kitonga wanajua kwamba pale dereva hasimami anapotaka. Malori mbele, malori nyuma, kona juu ya kona. Kwa hiyo nikavua suruali katikati ya basi, mtu mzima, mbele ya wakwe wa watu, huku abiria mmoja siti za nyuma anakemea pepo kwa sauti. Konda, Mungu ambariki, akanimwagia maji ya chupa. Hilo tu ndilo lilikuwa sahihi. Akaja msamaria na dawa ya meno akanipaka paja zima kama anapiga plasta ukuta. Wakuu, mtu akiungua mmwagieni maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, msimpake kitu. Nesi alipoanza kuisugua ile dawa ya meno itoke kwenye kidonda, ndipo nilipoelewa kwamba moto ulikuwa utangulizi.

Simu iliyokuwa mfuko uleule ilikufa. Usaili wa kazi niliokuwa nauendea ulifanyika bila mimi, na aliyepata hiyo nafasi nasikia hata havuti. Kidonda nimekisafisha wiki na wiki, na mpaka leo nikivaa kaptula watoto wa mtaani wananiuliza maswali.

Tena si kwamba sikuuliza. Nilimuuliza muuzaji mmoja pale Kariakoo, kijana mwenye maneno ya mganga, kama ni salama kuibeba hivi hivi. Akanijibu, "Braza, betri ikiwa nje ya kifaa imelala hiyo." Imelala! Akanitilia kwenye bahasha ya kaki kama maandazi. Nilipomrudia nachechemea, akaniambia eti niliidondosha. Na kwenye ganda la hiyo betri palikuwa pameandikwa 9800mAh, yaani kiasi cha umeme inachobeba. Sikilizeni, 18650 nzuri za madukani ni kama 2500 mpaka 3500. Ukiona 9800 ujue ulichonunua ni stika. Ipime na kwenye mizani kama unaweza: halisi ina kama gramu 45, feki nyingi ni nyepesi.

Hizo za laptopu ndiyo usiziguse kabisa. Zimezoea kutoa umeme kidogo kidogo, nyingi hazitakiwi kuzidi ampea tano au hapo karibu. Umesema vepu yako haina chipu ya kudhibiti umeme, na koili, ule waya unaopata moto, ni ya omu 0.2. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Gawanya volti kwa omu: ampea 21. Utaungua hata kabla ya Chalinze, na wewe utaungulia usoni, mimi angalau nilikuwa na kitambaa.

Kwa hiyo nunua kiboksi. Vile viboksi vya plastiki ngumu vya kuwekea betri mbili mbili, kila moja na kitanda chake. Bei yake ni ya soda mbili tatu. Ukikosa, vipo vile vifuko vya silikoni vinavyoivika moja moja. Betri iko ndani ya vepu, au ndani ya chaja, au ndani ya kiboksi. Hakuna mahali pa nne. Si mfuko wa shati, si pochi ya mama watoto, si kwenye droo ya gari pamoja na misumari. Ganda likichanika, usiibebe mpaka ivikwe jipya, na fundi wa betri anakuvika kwa dakika chache.

Kuchaji njiani? Soketi za basi nyingi zimelegea. Beba pawa benki ya 10,000mAh, itakujazia betri moja mara mbili hivi au zaidi kidogo, na chaji ikiwa machoni pako, usilale. Waya wenye Type-C pande zote mbili vepu nyingi za bei chee haziukubali, beba wenye kichwa kipana cha zamani (USB-A) upande wa pawa benki. Na usivute ndani ya basi, tutakutana na malalamiko yako kwenye uzi mwingine.

Uliuliza na ndege ya kurudi. Huko hata si mimi ninayekulazimisha: tangu 2015 ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, wamekataza vepu kwenye mizigo inayowekwa tumboni mwa ndege na wamekataza kuichaji ndani ya ndege. Unapanda nayo mkononi, na betri za akiba kila moja ikingwe peke yake. Kiboksi, mkuu. Watu wa anga nao wanasema kiboksi.

Wanaokuja kusema "acha kuvuta", nimewasikia, hata nesi alisema.

Uliuliza vitu vingine viwili hapo, kimoja kuhusu ladha, sikumbuki. Umenunua kiboksi? Jibu hapa hapa, picha ya paja siweki, msinifuate PM.