Kwa wachezaji waliokabidhiwa filimbi ya ukocha

Ninawaandikia ninyi wachezaji wa mpira wa kikapu mliotundika viatu hivi karibuni na kuitwa makocha wakuu, kwa sababu kila msimu ninashuhudia kosa lilelile: kijana anapoteza mpira katika presi, yaani wapinzani wanapombana mapema, naye kocha, aliyekuwa nyota, anamfokea kwamba enzi zao hawakucheza hivyo. Kijana anarudi uwanjani bila kujua alipaswa kusimama wapi. Ninawapenda, na ndiyo maana uvumilivu wangu umefika kikomo.

1. Msifundishe sifa zenu. Magic Johnson alitwaa ubingwa wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mara 5 akiwa na timu ya Lakers, na wachache sana wamewahi kuusoma mchezo kama yeye. Machi 1994 alikabidhiwa timu hiyohiyo aifundishe. Ilishinda michezo 5 kati ya 6 ya kwanza, watu wakaamini kwamba enzi za ubingwa zimerejea. Kisha ikafungwa michezo 10 mfululizo, naye akaondoka msimu ulipokwisha na hakurudi tena katika kazi hiyo. Lakers ile ilikuwa dhaifu, sikatai, na takriban mwezi mmoja hautoshi kumjenga kocha yeyote. Hata hivyo ninaamini tatizo lilikuwa na mzizi mwingine: mtu aliyeiona pasi kabla nafasi haijafunguka hajawahi kulazimika kuieleza hatua kwa hatua, na asiyeweza kuieleza hubaki kudai bidii na fahari ya jezi, mambo ambayo hayamwonyeshi mchezaji mahali pa kuweka mguu. Nyota wengi mno wamepita njia hiyo, na bado ninyi mnaifuata.

2. Andikeni mpango wa mazoezi kabla ya kufika uwanjani, na msimalize taimauti zote, yaani mapumziko mafupi ambayo kocha huomba, kabla ya dakika za mwisho.

3. Chagueni wasaidizi wanaowazidi ujuzi. Steve Kerr alipochukua Golden State Warriors mwaka 2014 hakuwa amewahi kufundisha timu yoyote, kwa hiyo aliwaajiri Alvin Gentry na Ron Adams, waliokuwa makocha kwa miongo kadhaa. Kerr alikuwa mtupaji hodari wa pointi tatu, lakini sehemu kubwa ya maisha yake ya uchezaji aliingia akitokea benchi, na nadhani hilo lilimfaa kuliko pete zake 5 za ubingwa. Alimwomba Andre Iguodala, ambaye hadi wakati huo alikuwa ameanza kila mchezo wa NBA aliocheza, akubali kuwa wa akiba. Ombi la namna hiyo hupokewa kwa urahisi zaidi likitoka kwa mtu aliyeishi maisha hayo.

Katika fainali za 2015 Warriors walikuwa nyuma kwa michezo 2-1 dhidi ya Cleveland. Nick U'Ren, msaidizi wa miaka 28 aliyekuwa akichambua video, alipendekeza Iguodala aanze badala ya Andrew Bogut, senta, yaani mchezaji mrefu wa karibu na kikapu. Kerr alikubali, timu ikashinda michezo 3 mfululizo na kutwaa ubingwa, Iguodala akawa mchezaji bora wa fainali, na Kerr akataja hadharani kwamba wazo lilikuwa la U'Ren.

4. Mchambuzi wenu wa video akae katika kikao cha kupanga kikosi, na aulizwe maoni yake kabla kocha mkuu hajatoa yake.