Maswali na majibu: Mjane asiye raia alishtaki wapi chini ya Warumi?

SWALI: Nasoma sheria, mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba wakazi wengi wa majimbo ya Kirumi hawakuwa raia wa Rumi mpaka mwaka 212, Kaisari Caracalla alipowapa uraia karibu watu huru wote. Kabla ya hapo, mtu wa kijijini akidhulumiwa alishtaki wapi, na kwa sheria ya nani?

JIBU: Ndugu yangu, tunayo bahati kubwa: zipo karatasi za mwanamke aliyeyapitia hayo. Ni Babatha, Myahudi wa kijiji cha Maoza, kusini mwa Bahari ya Chumvi, mwenye mashamba ya mitende. Nchi yake ilikuwa ya ufalme wa Wanabatea, watu wa asili ya Kiarabu, mpaka mwaka 106, Warumi walipoitwaa na kuifanya jimbo la Arabia. Nyaraka zake 35, za kati ya mwaka 94 na 132, zilipatikana mwaka 1961 katika pango la bonde la Nahal Hever, magharibi mwa bahari hiyo. Hakuwa raia, wala hakujua kuandika.

Mumewe wa kwanza alifariki akaacha mtoto mdogo, Yeshua. Mwaka 124 baraza la mji wa Petra likamteulia yatima wasimamizi wawili, Myahudi mmoja na Mnabatea mmoja. Babatha akajipatia nakala iliyothibitishwa ya uamuzi huo, kutoka katika kumbukumbu za baraza zilizobandikwa kwenye hekalu la Afrodita. Hapo mimi namvulia kofia: kabla ya ugomvi wowote kufika mbele ya liwali, ushahidi alikuwa nao mkononi.

Wasimamizi walitoa dinari 2 tu kwa mwezi za kumtunza mtoto. Oktoba 125 alimpelekea mmoja wao, Yohana bin Eglas, samansi ya kufika mbele ya liwali Julius Julianus huko Petra. Tena akaandikisha maelezo mbele ya mashahidi: fedha za mwanangu mnazizalishia riba ya nusu dinari kwa kila 100, nikabidhini mimi, niweke mali yangu rehani, nami nitatoa dinari moja na nusu kwa kila 100, mtoto alelewe kwa fahari. Hakusahau kuzisifu siku za baraka za utawala wa liwali huyo. Msomi wa Oxford angeona kujipendekeza. Mimi naona mtu anayejua anamwandikia nani.

Sasa, sheria ya nani? Zilizoniacha mdomo wazi ni nakala tatu za Kigiriki za kielelezo cha shauri la Kirumi dhidi ya msimamizi wa yatima. Mahali pa majina pameandikwa fulani bin fulani. Kinasema: chochote msimamizi anachopaswa kumpa au kumfanyia yatima kwa nia njema, mahakimu wamhukumu kwa hicho, hadi dinari 2,500. Isipoonekana hivyo, wamwachilie. Kwa kanuni kali hiyo ilikuwa njia ya raia. Lakini liwali aliielewa, basi watu wakaitumia.

Wala hawakuacha ya kwao. Mkataba wa ndoa ya pili ya Babatha uliandikwa kwa Kiaramu, kwa sheria ya Musa. Binti wa mume huyo, Shelamzion, aliolewa mwaka 128 kwa mkataba wa Kigiriki: bwana harusi anaahidi chakula na mavazi kwa desturi ya Kigiriki, na mwishoni kuna maneno ya Kirumi kwamba swali liliulizwa na jibu likatolewa, yaani njia ya Kirumi ya kufunga ahadi. Familia ni moja, ya Kiyahudi, na taratibu ni tatu.

Nakushauri uangalie hati zenyewe zilivyotengenezwa. Nyingi ziliandikwa mara mbili kwenye karatasi moja ya mafunjo. Sehemu ya juu ilikunjwa na kushonwa kwa uzi, ya chini ikabaki wazi kwa kusomwa. Mashahidi walitia sahihi nyuma, penye mafundo, wengine kwa Kiaramu, wengine kwa Kinabatea au Kigiriki. Ukizuka ubishi kwamba maneno yamebadilishwa, uzi unakatwa na nakala ya ndani inalinganishwa na ya nje. Babatha, kwa kuwa ni mwanamke, alihitaji pia mwanamume wa kusimama naye katika hati za Kigiriki, na mwandishi wa kumwandikia.

Je, alishinda? Ipo stakabadhi yake ya Agosti 132: amepokea dinari 6 kwa miezi mitatu, kutoka kwa mtoto wa Yohana aliyeshika nafasi ya baba yake. Gawanya mwenyewe: ni zile zile 2 kwa mwezi. Kwa maoni yangu nyongeza hakuipata, ingawa milango ya mahakama ilikuwa wazi kwake na karatasi zake zilikuwa safi.